Ndoo Tano Zilizosimama

Kwa miaka kumi na tisa dada yangu alibadilisha zipu. Zipu, mapindo ya suruali, na vifungo vya watu walionenepa wakakataa kukubali. Kwa hiyo chuo cha uuguzi kilipompa kazi ya kushona sare thelathini na sita za wahitimu, hakupiga vigelegele wala hakumwambia mtu. Alifunga mlango wa chumba chake cha kushonea, akakaa kwenye kigoda, akayatazama majora matatu ya kitambaa cheupe kama mtu anayemtazama mgeni na haamini kwamba amekuja kwake yeye.

Sare zilikuwa za kuchukuliwa Ijumaa saa nne asubuhi. Zikipendeza, dada angeshona na za mwaka unaofuata, na wa baada yake. Zikiwa na doa, basi, arudi kwenye zipu zake. Mkuu wa chuo alimwambia hivyo kwa sauti laini kabisa, na sauti laini ya mkuu wa chuo inajulikana.

Sasa tatizo. Dada na mumewe wanakaa chini kabisa katika jengo la ghorofa nne. Anayekaa chini ana raha moja tu, hapandi ngazi. Kila kitu kingine kinamshukia. Jengo lile lina bomba moja kuu la maji machafu, la inchi nne, linaloshuka wima kwenye kona ya ngazi tangu juu hadi chini, likikusanya kila ghorofa inachomwaga, kisha linapita chini ya sakafu ya dada na kutokea uani kwenye chemba, shimo la kukaguia lenye mfuniko. Chemba hiyo ikiziba, maji hayana pa kwenda isipokuwa kurudi. Na yakirudi, yanatafuta tundu la chini kuliko yote. Tundu la chini kuliko yote lilikuwa bafuni kwa dada, hatua sita kutoka kwenye kitambaa cheupe.

Utauliza kwa nini chemba haikufunguliwa ikazibuliwa. Kwa sababu juu ya mfuniko wake kulikuwa na gari. Gari la Mstaafu wa ghorofa ya kwanza, lisilo na magurudumu, limekaa juu ya matofali mwaka wa tatu huo likisubiri spea. Mstaafu alikuwa mtu mzima wa heshima zake, mwenye fimbo na kikohozi cha kuamrisha, na hakuna aliyethubutu kumwambia mzee, sogeza. Watu wa jengo zima waliona ni adabu zaidi kuoga kwa zamu.

Mimi ni fundi bomba. Kazi sikuisomea darasani. Nilijifunza kwa kumwagikiwa. Nimeng'oka kucha mbili, nimeanguka kutoka kwenye dari ya watu wakiwa wanakula, na nimewahi kufungua bomba ambalo mwenye nyumba aliapa kwamba ni kavu. Kilichonibakia baada ya yote hayo ni mdomo, na mdomo wangu hauna likizo.

Dada alipopata kazi ya sare, mumewe aliamua kulimaliza jambo. Shemeji yangu ni mchomeleaji, mwili kama kabati, na kwake hakuna shida duniani isiyotibika kwa bamba la chuma. Aling'oa choo cha ndani, akafunika tundu kwa bamba la milimita sita, akaweka mpira wa tyubu chini yake na bolti nne zilizozama kwenye zege. Tundu la kuogea akalijaza saruji. Wakawa wanatumia choo cha uani, chenye shimo lake.

"Shemeji," nilimwambia siku ile, "umefunga choo au umefunga benki?"

"Cheka tu," alisema akijipiga kifua. "Tone halipiti hapo."

Na kweli tone halikupita. Siku tatu baadaye maji yaliibuka bafuni kwa Mstaafu, ghorofa ya kwanza. Akaniita. Nikamfungia kilango: ni kifaa kidogo kinachokaa pale bomba la nyumba linapoingia kwenye bomba kuu, chenye ulimi ndani. Maji yakitoka kwako, ulimi unafunguka. Yakitaka kurudi, yanausukuma unajifunga. Mstaafu alifurahi hadi akanipa mkono.

Wiki iliyofuata maji yakaibuka ghorofa ya pili. Nikafunga kilango. Baada ya siku tano, ghorofa ya tatu, kwa Mwalimu. Nikafunga kilango. Kila mmoja alinisifu, kila mmoja alimwambia mwenzake, nami nikapanda ngazi zile nikipiga mluzi, ghorofa kwa ghorofa, kama mtu anayepandishwa cheo.

Alhamisi saa tatu asubuhi, siku moja kabla ya sare kuchukuliwa, Mwalimu akanipigia simu.

"Fundi, kilango chako kimekwama. Sinki limejaa na maji hayashuki."

"Mwalimu, hicho kilango nimekifunga mwenyewe kwa mkono wangu."

"Ndiyo maana nakupigia wewe, sijampigia mwingine."

Nikaenda. Mwalimu alikuwa amekunja kitenge hadi magotini, amesimama kwenye maji yake mwenyewe ya vyombo, kijiko mkononi. Nilipiga magoti, nikafungua mfuniko wa kilango kwa upande wake, nikaweka dole gumba kwenye ulimi na kuusukuma. Huwa unaguswa tu, unakubali.

Haukukubali.

Nikasukuma kwa nguvu. Hautikisiki. Nikasukuma kwa kiganja, nikasukuma kwa mpini wa nyundo. Ulimi ulitulia palepale, na chini ya kiganja changu nilihisi kitu ambacho sitakisahau: ulikuwa unanisukuma na mimi. Taratibu, bila hasira, kama mtu aliyeegemea mlango kwa upande wa pili.

"Nini?" aliuliza Mwalimu. "Mbona umenyamaza? Wewe hunyamazi."

Nilitoka kwenye ngazi, nikachukua spana, nikagonga bomba kuu. Bomba tupu likigongwa hulia kama kengele, sauti inazunguka ndani. Lile lilijibu kwa mgoto mfupi, kama mtu anayeitikia na chakula kinywani. Limejaa. Nikasema pengine ni hapa tu. Nikashuka ghorofa ya pili, nikagonga. Limejaa. Ya kwanza. Limejaa. Nikapanda tena mbio, nikapita kwa Mwalimu, nikagonga nikipanda ngazi moja moja kuelekea ghorofa ya nne, hadi juu kidogo ya kichwa changu nilipoisikia ile sauti ya kengele. Hapo ndipo maji yalipoishia. Niliweka alama ya chaki.

Nitaeleza kwa ufupi, kwa sababu hata mimi nilijieleza pale pale ngazini. Maji yaliyosimama kwenye bomba hayasukumi kwa wingi wake. Yanasukuma kwa kimo chake. Bomba liwe nene kama pipa au jembamba kama mrija, urefu ukiwa mmoja, msukumo wa chini ni mmoja. Kila mita kumi za kimo zinaweka uzito wa kilo moja juu ya kila kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba huko chini. Na sakafu ya dada ilikuwa mita kumi na kitu chini ya chaki yangu.

Hapo awali, chemba ikiziba, maji yalisimama futi moja tu kisha yakatokea kwa dada. Shemeji alipofunga kule, yakapanda mita tatu yatokee kwa Mstaafu. Nilipomfungia Mstaafu, mita sita. Nilipofunga ghorofa ya pili, mita tisa. Na nilipomfungia Mwalimu, nilikuwa nimeliondolea jengo tundu la mwisho chini ya ghorofa ya nne. Kila kilango kilikuwa kizima, kila kilango kilifanya kazi yake, na vyote vilikuwa vinasimamisha maji juu ya kichwa cha dada yangu. Na mimi nilikuwa napiga mluzi.

Nilikaa kwenye ngazi.

Kisha alama yangu ya chaki ikalowa. Kiungo cha bomba kilikuwa kimeanza kutoka jasho jeusi. Nikagonga juu ya alama. Limejaa. Nikagonga juu zaidi. Limejaa. Yalikuwa yanapanda.

"Mama Pacha!" nilipiga kelele kuelekea ghorofa ya nne. "Usimwage maji!"

Kichwa chenye kilemba kikachungulia. "Simwagi mimi, inamwaga mashine. Naifulia shuka za watoto."

"Izime!"

"Ukiizima katikati inafunga mlango na nguo zangu ndani. Ilishanifanyia hivyo."

"Mama Pacha, chomoa waya ukutani, nakuomba kwa heshima zote!"

Sikungoja jibu, kwa sababu wakati huo huo nilikumbuka kizibo.

Bamba la shemeji sikulihofia. Tundu la choo ni pana, uzito uliokuwa ukilisukuma bamba lile ulifika kilo tisini, yaani shemeji mwenyewe na viatu vyake, na bolti zile zingebeba watatu kama yeye. Lakini miaka sita nyuma, kile chumba cha kushonea kilikuwa na sinki dogo ukutani. Dada aliponiomba nilitoe, nililitoa, na kwenye bomba lake la inchi mbili nikapigilia kizibo cha mti nilichokizungushia kipande cha tyubu. "Ni ya muda tu," nilimwambia. "Wiki ijayo nakuja kufunga vizuri." Dada aliweka pazia mbele yake. Na mbele ya pazia, kwa kuwa ukuta ule hauna dirisha na vumbi halifiki, alisimamisha ufito wa kutundikia nguo. Sare za chuo zilikuwa zinatundikwa hatua mbili kutoka kwenye wiki ijayo yangu.

Ngazi zile nilizishuka sijui vipi. Nakumbuka tu kwamba Mstaafu alikuwa mlangoni kwake na akaanza kusema, "Kijana, ngazi hazi..." na sentensi yake niliisikia ikiishia juu yangu.

Niliingia kama nimesukumwa. Dada alikuwa anapiga pasi kola ya mwisho. Shemeji alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Alikatazwa kugusa kitu.

"Toeni nguo! Zote! Nje!"

"Karibu, shemeji," alisema yeye. "Leo kuna moto au kuna simba?"

Dada hakuinua hata macho. "Mwache. Jumatatu aliniambia mkuu wa chuo amebadili mawazo, anataka sare za njano. Nilikaa chini dakika nzima natafuta pumzi."

"Dada, leo sitanii."

"Na Jumatatu ulisema hivyo hivyo. Kwa uso huo huo."

Sijawahi kuijutia tabia yangu kama wakati ule. Nilikuwa na ukweli mkononi na hakuna wa kuupokea. Nikalivuta pazia, nikawaonyesha kizibo. "Bomba kuu limejaa hadi ghorofa ya nne. Yote yanasukuma hapa."

Shemeji alikitazama kizibo, akacheka kwa huruma. "Kijibomba hiki? Shemeji, maji ya kijibomba hiki hayajazi hata sufuria. Nimefunga lile la inchi nne, hili litafanya nini? Nenda kaguse bamba langu. Halitikisiki."

"Ndiyo tatizo, halitikisiki! Lingekuwa bovu tungekuwa salama!"

"Sasa unatukana kazi yangu."

"Umewahi kuwaona waashi na ule mpira wao mrefu wa kupimia usawa? Ni mwembamba kama kidole, lakini ukiinua ncha moja juu ya paa, ncha ya pili inatapika hapa chini. Hauulizi unene, unauliza kimo!"

"Mpira ni mpira, na hili..."

Alikoma kwa sababu dada alikuwa amenyanyua mkono. Alikuwa ameiweka pasi na kukisogelea kizibo. Pembeni yake, pale mti ulipokutana na bomba, palikuwa na tone jeusi. Likakua, likateleza, likafuatwa na jingine upesi zaidi. Dada aligusa kwa ncha ya kidole, akakinusa.

Rangi ilimtoka usoni. Nimemjua tangu nizaliwe, amenibeba mgongoni, na sikuwahi kumwona na uso ule.

"Zitoe," alimwambia mumewe, kwa sauti ndogo sana. "Nawa mikono kwanza. Hapana, usinawe. Jifunge shuka. Zitoe!"

Nikaweka viganja vyote viwili juu ya kizibo na kukiegemea. Kilikuwa kinakuja. Si kwa kishindo; kwa unywele mmoja, kisha mwingine. Nilipiga hesabu ili nisipige mayowe: tundu lile kwa kimo kile ni kama kilo ishirini na mbili, ishirini na tatu. Si nyingi. Mfuko wa saruji una hamsini na nimebeba maelfu. Lakini mfuko wa saruji hauzidi uzito ukiwa umeubeba, na huko juu mashine ya Mama Pacha ilikuwa bado inamwaga, kwa sababu nilisikia bomba ukutani likinguruma kama tumbo.

Dada na shemeji walipita nyuma yangu wakikimbia na mafurushi meupe. "Sita," dada alihesabu. "Kumi na mbili. Usiburute! Kumi na saba. Inua mikono, wewe, inua kama umebeba mtoto! Ishirini na nne."

"Umekishika?" aliuliza shemeji, akihema.

"Nimekishika."

"Unakitania au umekishika?"

"Shemeji, pita!"

"Thelathini," alisema dada mlangoni, na akageuka kuzifuata sita za mwisho.

Kizibo hakikuchomoka. Mti ule ulikuwa umekaa ndani ya bomba chafu miaka sita, na kwa ndani ulikuwa umegeuka keki. Ulipasuka katikati, chini ya viganja vyangu.

Nimepigwa na mengi, lakini sijawahi kupigwa na maji namna ile. Mikono yangu ilitupwa pembeni kama ya mwanasesere, nikaanguka na bega kwenye mguu wa cherehani. Kutoka ukutani ulitoka mkuki. Mweusi, mnene kama kifundo cha mkono, umenyooka, haukupinda hata kidogo hadi ukuta wa pili, ukapiga pale ulipokuwa ubao wa kupigia pasi na kuuangusha. Na sauti yake! Nilikuwa nikidhani maji hutiririka. Yale yalinguruma.

Na ubavuni mwa mkuki ule, shubiri moja tu, ulikuwa ufito na sare sita. Na kati ya ufito na mkuki aliruka dada yangu.

Aliruka mgongo ukiwa mbele, mikono ameitanua, kitenge amekivuta kama pazia. Maji yalimpiga katikati ya mabega yakampeleka hatua moja, akashikilia ufito, hakuanguka. Yalimpanda shingoni, yakatawanyika pande zote kama bawa. Nilimwona macho. Yalikuwa yananitazama mimi, yametoka pima, na hayakuwa na hasira bado. Yalikuwa yanauliza tu.

Nilihesabu baadaye kichwani. Haikupita muda wa kuhesabu hadi nane. Mkuki ulianza kulegea, ukainama, ukawa upinde, ukawa mkojo wa mbuzi, ukaishia kudondoka ukutani, to, to, to.

Maji sakafuni hayakufika hata kwenye kifundo cha mguu. Shemeji alisimama mlangoni amefungwa shuka kiunoni, mikono yake mikubwa ikiwa hewani, akatazama ukuta, akatazama sakafu, akatazama ukuta tena.

"Yameisha?" aliuliza.

"Yameisha."

"Yalikuwa mengi kiasi gani?"

"Kama ndoo tano."

"Ndoo tano," alirudia. Aliinama akachota kwa kiganja, kana kwamba atazipata zile nyingine zilizofichwa. "Ndoo tano tu? Mimi ndoo tano naoga!"

"Ukizipanga chini sakafuni ni za kuoga. Hizi zilisimama moja juu ya mwenzake hadi ghorofa ya nne."

Alikaa kwenye kigoda kilicholowa na hakutambua kwamba kimelowa.

Dada aligeuka polepole. Nywele, shingo, mgongo, vyote vyeusi. Uso tu ndio uliobaki wake. Alizitazama sare sita, moja moja, bila kuzigusa. Nne zilikuwa safi. Zilikuwa kwenye kivuli cha mwili wake. Mbili za pembeni zilikuwa na madoa kutoka bega hadi pindo, na harufu yake hata mchanga wa mtoni usingeitoa.

"Bomba lilijaaje hadi juu?" aliuliza. "Huwa yanatokea huku."

"Huku tulifunga," alisema shemeji akitazama viatu vyake.

"Huku mlifunga. Na kwa Mstaafu?"

Ningeweza kusema lolote. Mdomo wangu umeniokoa kwa watu wabaya zaidi.

"Kwa Mstaafu nilifunga mimi," nilisema. "Kilango. Na ghorofa ya pili. Na kwa Mwalimu."

"Vyote vitatu wewe."

"Vyote vitatu."

"Na wewe ndiye unayejua maji yanavyosukuma. Mume wangu hajui, kazi yake ni chuma. Wewe unajua."

"Nilijua kila kimoja peke yake, dada. Sikuwahi kuvijumlisha."

Akatoka. Tulimfuata, mimi na shemeji, kama watoto waliovunja kitu. Uani Mstaafu alikuwa ameshuka na fimbo yake, Mwalimu yuko nyuma yake, Mama Pacha ameshika waya wa mashine mkononi kama ushahidi. Wote walimwona dada, wakampisha njia. Dada alitembea akiacha nyayo nyeusi hadi kwenye lile gari, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Mzee," alisema. "Gari."

Ni hilo tu. Mstaafu alifungua mdomo, kikohozi chake cha kuamrisha kikaja hadi kooni na kurudi. Akaegemeza fimbo ukutani, akakunja mikono ya shati, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusukuma. Tulilitoa juu ya matofali watu sita, likaburuzika kwa mbavu zake likilia. Mfuniko wa chemba ulikuwa na kutu ya miaka mitatu. Chini yake nilikuta matambara mawili ya deki yaliyokuwa yamesokotana kama kamba. Niliyavuta kwa ndoano, na chemba ikameza kila kitu kwa mkoromo mmoja. Ilichukua dakika kumi na moja. Nilitazama saa kwa sababu nilitaka kujua ni dakika ngapi ambazo adabu zetu zote zilikuwa zikizikwepa.

Dada alioga kwenye choo cha uani mara tatu. Alipotoka, kitambaa kilichobakia alikipima kwa utepe wake wa kupimia: kinatosha sare moja, ya pili hakitoshi hata mikono. Alichukua simu, akampigia mkuu wa chuo, nasi tukasimama.

"Shikamoo, mama. Sare thelathini na tano utazikuta kesho saa nne. Moja haitakuwepo." Akasikiliza. "Maji machafu, mama. Yaliingia chumbani." Akasikiliza. "Hapana, haikuwa bahati mbaya. Ni kazi ya fundi." Niliisikia ile sauti laini ikitoka kwenye simu, ndogo, bila kuyapata maneno. "Hapana, mama, si fundi wa kuokoteza. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Ni fundi mzuri. Ndiyo maana."

Akasikiliza tena, akasema ndiyo, akasema ndiyo, akasema, "Nitamwambia mwenyewe huyo binti atakayekosa, kesho aazime, Jumatatu yake itakuwa tayari." Akaweka simu.

"Amesemaje?" aliuliza shemeji.

"Amesema atazitazama hizo thelathini na tano, kisha atajua."

Meza ya Mwalimu iliteremshwa, ikawekwa barazani palipo na mwanga. Dada alitandaza kile kitambaa cha mwisho. Kutoka ndani tulisikia spana ya shemeji ikilegeza bolti ya kwanza ya bamba lake, ikilia kwa uchungu, na hakuna aliyemtuma.

Nilikuwa nimesimama pembeni, nimelowa, sijui nikae wapi. Dada alichukua mkasi, akakipima kitambaa kwa macho, akagundua kwamba upepo unakiinua ncha.

"Wewe," alisema bila kunitazama. "Nawa hadi kwenye viwiko. Kwa sabuni. Njoo ushike huku."

Nilinawa mara mbili, nikaja, nikashika ncha kwa vidole viwili. Mkasi ukaanza kula taratibu kuelekea kwangu. Nilihisi neno likinijia, la kuchekesha, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Usipumue," alisema dada.